Fimbo Zimepimwa Nairobi, Mpira Unapotelea Nyali

Mpira wa tatu ulipotumbukia kwenye kichaka kile kile, upande ule ule wa kushoto, mzee anayenibebea begi la gofu hakusema neno. Alivua kofia, akajipangusa jasho, akaivaa tena. Nimetembea naye miaka minane, na nikimwona anashughulika na kofia najua ana jambo moyoni.

Lilikuwa shimo fupi la par 3 (la kumalizwa kwa mapigo matatu) pale uwanja wa Nyali, Mombasa, yadi 121 hadi kwenye bendera. Mkononi nilikuwa na chuma saba kipya, yaani fimbo ya chuma namba saba, kilichopimwa kwa ajili yangu mimi na si mtu mwingine, nikakilipia pesa ambazo mume wangu mpaka leo anadhani ni nusu ya vile zilivyo. Na mipira mitatu ilikuwa imekwenda.

Haya basi ni maoni yangu juu ya huduma ya kupimiwa fimbo za gofu kwenye studio moja ya ndani huko Nairobi. Jina silitaji, kwa sababu mwisho wa siku walinitengenezea, na kwa sababu kilichonipata mimi kinaweza kumpata mtu yeyote kwenye duka lolote. Nimeandika kwa urefu. Anayetaka nyota tu, nawapa tatu na nusu kati ya tano, aende zake.

Mimi nafanya hesabu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nina miaka 51, urefu wangu sentimita 178, na hendikapu yangu (mapigo ya ziada ninayoruhusiwa) ni 19 ambayo msimu wa kusi hugeuka 24 bila kuniuliza. Gofu nilianza nikiwa na miaka 42, baada ya wateja watatu kwa mpigo kuniambia kwamba mambo yao huyazungumza uwanjani, ofisini huja kutia sahihi tu. Fimbo zangu za kwanza zilikuwa za kiume, za mkono wa pili, gripu zimekauka mpaka zinameta kama kiwi. Nilizichezea miaka yote hiyo. Mgongo ndio uliokuja kulalamika: mtu mrefu, fimbo fupi, unainama kama anayesonga ugali kwenye sufuria iliyo sakafuni.

Kwa hiyo mwezi wa tano nikapanda treni ya saa mbili asubuhi pale Miritini, begi la gofu nimelilaza juu ya masanduku ya watu, nikashuka Syokimau mchana nikiwa nimechoka, nikaenda moja kwa moja kupimwa. Hilo ni kosa la kwanza na ni langu. Ukikaa kitini saa tano au sita, kiuno kinakauka, na mtu anayekupima anampima mtu mwingine kabisa, si yule anayecheza Jumamosi asubuhi akiwa amenyoosha viungo.

Nianze na walilofanya vizuri, maana ni mengi.

Maduka mawili nimewahi kuingia nikaongozwa moja kwa moja mpaka kwenye rafu ya fimbo za rangi ya waridi, kabla sijafungua mdomo. Huyu kijana wa studio aliyenipima hakufanya hivyo. Aliniomba nipige mipira kumi na tano kwa chuma saba changu cha zamani, akakaa kimya akitazama skrini. Kisha akaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja: kwanza mpini, kichwa kikibaki kile kile, baadaye kichwa, mpini ukibaki ule ule. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja na mpira ukanyooka, hutajua ni kipi kilichounyoosha. Mpini wa chuma wa gramu 120 ulinishinda kufikia mpira wa sita, mikono ikaanza kuchelewa. Wa gramu 95 ulikuwa afadhali. Wa grafiti wa gramu 80 ndio uliokaa: mipira kumi, saba ikaanguka ndani ya eneo ambalo ningeweza kulifunika kwa leso mbili tatu, kwa kipimo cha skrini.

Kasi ya mpira ilikuwa maili 95 kwa saa, unaondoka kwa pembe ya nyuzi 20, unazunguka mara 6,100 kwa dakika, unaruka yadi 132 kabla ya kugusa ardhi. Chuma saba changu cha zamani kilikuwa hakinifikishi 120. Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nikalipa ada ya kupimwa, nikaagiza vyuma sita kuanzia tano hadi weji ya kupichia (fimbo ya mapigo mafupi), nikapewa karatasi ya vipimo: mipini irefushwe nusu inchi, mlalo usimamishwe nyuzi mbili kwa fimbo zote, gripu za unene wa kati. Wiki tano zikapita, sanduku likafika ofisini.

Niseme kidogo kuhusu mlalo, kwa ambaye hajawahi kuusikia, maana ndio uliokuja kunitesa. Simamisha chuma chako chini kama unayetaka kupiga. Ile pembe kati ya mpini na ardhi ndiyo mlalo. Ikiwa pembe ni kubwa mno, fimbo imesimama wima kupita kiasi, kidole cha kichwa (ncha iliyo mbali nawe) kinanyanyuka na kisigino (upande wa karibu na mpini) kinabaki chini, na uso wa fimbo unakuwa umeelekea kushoto hata kama wewe umeulenga sawa. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira unakwenda kushoto. Pembe ikiwa ndogo mno inakuwa kinyume chake, unakwenda kulia. Ndiyo maana Ping huweka kidoto cha rangi kwenye fimbo zao: cheusi ni mlalo wa kawaida, cha buluu umesimama kidogo, chekundu umelala kidogo. Ni kama kanzu. Fundi mzuri wa Mji wa Kale hapimi urefu wako tu, hutazama pia unavyosimama, bega gani limeshuka, unatembea vipi.

Sasa turudi Nyali. Raundi ya kwanza nilijiambia ni ugeni. Raundi ya pili nikalaumu kusi. Ya tatu ndiyo ile ya mipira mitatu kichakani. Ilikuwa kila ninachopiga kinaruka juu sana, kinasimama hewani kama tiara, halafu kinainamia kushoto na kudondoka yadi kumi fupi. Na fimbo zenyewe zilikuwa nzito kichwani. Nilihisi nimeshika mchi wa kinu.

Tulipofika kwenye tii inayofuata, pale pa kuanzia shimo, mzee akasema, "Mama, turudi pale ulipopigia nikuonyeshe kitu."

Tulirudi. Akachuchumaa, akaweka vidole viwili ndani ya kidonda kilichobaki kwenye nyasi. "Ona. Upande wa kwako kimezama. Upande wa nje kimeparuza tu, hata mzizi haujakatika. Hii fimbo inasimama kwa kisigino." Akapiga hatua mbili nyuma, akaonyesha kidonda cha mpira wa pili. Kile kile. Cha tatu, kile kile. Mimi nilikuwa nimetazama mipira inakokwenda, yeye alikuwa ametazama ardhi.

Huyu mzee hajawahi kuingia studio yenye skrini. Namtaja hapa kwa sababu shilingi zangu nyingi zilikwenda kwenye rada na kamera, na jibu la kwanza likatoka kwenye vidole vyake.

Jumapili ile nilifanya majaribio mawili kwenye reinji (uwanja wa mazoezi), na kila mwenye fimbo mpya ningemshauri ayafanye kabla ya kumlaumu mtu. La kwanza: chukua poda ya mtoto, ile ya dukani, upake uso wa fimbo kwa kiganja, utoe iliyozidi. Piga. Mpira unaacha alama yake ya mviringo mahali ulipogusa. Zangu zilikuwa zimejipanga karibu na kisigino, moja tu katika nane ndiyo iliyokuwa katikati. La pili: chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uuweke mpira mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo. Piga, halafu ishike fimbo soli ikiwa imelala sawasawa na utazame. Mstari umenakiliwa usoni. Ukiwa umesimama wima, mlalo wako ni sawa. Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa kidole, fimbo imesimama mno. Kikiinamia kisigino, imelala mno. Wangu uliinamia kidole kama mnazi wa ufukweni.

Jambo jingine likanipa uhakika kwamba si mkono wangu. Chuma tano kilikuwa kinakwenda karibu sawa. Sita kushoto kidogo. Nane na weji, kushoto mbali. Kosa la mlalo lina tabia hiyo: kadiri uso wa fimbo ulivyolala nyuma zaidi, ndivyo kosa lile lile la pembe linavyoutupa mpira mbali zaidi na shabaha. Mkono ukiwa na kasoro ya kawaida, kwangu mimi angalau, huanza kuonekana kwenye fimbo ndefu, na weji husamehe. Hapa weji ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Nikampigia simu kijana wa studio.

"Mama, hizo fimbo ziko sawa kabisa, nimeziangalia kwenye karatasi. Labda swingi yako, unavyozungusha fimbo, imebadilika kidogo?"

"Mwanangu, swingi yangu haijabadilika tangu nianze. Mwalimu wangu alishaikatia tamaa."

Akacheka, lakini hakukubali. Akaniambia nicheze raundi kumi kwanza nizizoee. Hapo ndipo nyota moja nzima ilipoondoka. Mteja wa safari ya kilomita karibu mia tano anapokwambia ana alama za poda, ana mstari wa kalamu na ana vidonda vya nyasi, jibu la kwanza si kumwambia azoee. Mtu anazoea fimbo mbaya, ndiyo, tatizo ni kwamba anazoea kweli. Nitalifikia hilo.

Siku mbili baadaye yeye mwenyewe alinipigia, na hili namsifu. Alikuwa amefikiri. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, wewe unacheza usawa wa bahari, sivyo?"

Nikamwambia nikipiga vibaya pale uwanja wa Mombasa, ule wa mashimo tisa kwenye jabali, mpira unaingia baharini wenyewe, kwa hiyo ndiyo, usawa wa bahari.

Hapa pana jambo ambalo wachezaji wa pwani tunapaswa kulijua kabla ya kupanda treni. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira unapata upinzani mdogo na unaruka mbali zaidi. Makadirio yanayotumika sana ni asilimia sita hivi kwa mwinuko kama huo. Yadi zangu 132 za kwenye skrini zilikuwa za Nairobi, kwa sababu mashine ilikuwa imewekwa kwa mwinuko wa pale pale. Ukiteremka pwani zinakuwa 124. Hakuna aliyenidanganya, lakini hakuna aliyeniambia pia. Zile mashine zinaweza kuwekwa mwinuko wowote, ni kubonyeza tu, na swali la "unachezea wapi" lingechukua sekunde tano.

Umbali peke yake haungenisumbua. Kubwa zaidi ni kwamba hewa nyepesi inauinua mpira kidogo tu na inaupinda kidogo tu. Mzunguko ule ule wa 6,100 ambao Nairobi ulinipa mruko mzuri wa wastani, huku chini unapata hewa nzito ya kushikilia, unapanda kama lifti, na kusi ikiukuta huko juu ndiyo basi. Vivyo hivyo na kushoto. Studio ilionyesha mipira yangu ikianguka yadi tatu kushoto, tukasema ni sawa, ni mkunjo mdogo wa kupendeza. Mkunjo huo huo kwenye hewa ya Nyali unakuwa mkubwa. (Wengi hapa watakwambia ni unyevu wa Mombasa unaoulemea mpira. Unyevu hauna hatia, hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu. Ni mwinuko tu.)

Tukakubaliana nirudi na fimbo zote. Alitaka nizitume kwa basi, nikakataa. Nilitaka kuona.

Safari ya pili nilifika jioni, nikalala kwa dada yangu, nikaenda studio asubuhi mwili umepumzika. Alikuwa ameitoa mashine ya kupimia mlalo na lofti (kiasi uso wa fimbo ulivyolala nyuma), kitu kizito cha chuma chenye jiriwa na mizani ya nyuzi kama ile ya kwenye mkebe wa jiometri wa shule. Unakibana kichwa cha fimbo, mpini unasimama hewani, mshale unakwambia ukweli. Karatasi yangu ilisema fimbo zote zisimamishwe nyuzi mbili. Akaanza na saba, akasoma, akanyamaza. Akailegeza, akaibana upya, akasoma tena.

Tatu na nusu.

Nane ilikuwa tatu. Weji mbili na nusu, na lofti yake imekazwa, yaani imepunguzwa, nyuzi moja kuliko ilivyoagizwa. Tisa na sita zilikuwa mbili kamili. Tano ilikuwa moja tu, ndiyo maana ilikuwa mtiifu. Seti moja, sanduku moja, karatasi moja, na fimbo sita zenye tabia tano. Waliounganisha ni watu wengine, si yeye, lakini zilipita mikononi mwake na hakuna aliyezibana kwenye jiriwa kabla ya kuzifunga. Alikiri bila kuzungusha maneno. "Hili ni letu, mama." Nikamrudishia nusu nyota papo hapo, kimoyomoyo.

Bado hatukuwa tumemaliza. Nilimuuliza: siku ya kwanza, ile fimbo ya majaribio iliyopiga vizuri, ilikuwa na urefu gani? Akaenda kuitafuta, akailinganisha na yangu. Ya majaribio ilikuwa na urefu wa kawaida, imesimamishwa nyuzi mbili. Halafu, kwa sababu mimi ni mrefu na jedwali la kimo na mikono linasema hivyo, akaagiza nusu inchi zaidi. Sasa fimbo ikirefuka nusu inchi, mikono inapanda, na kichwa kinasimama kama kwamba umeongeza nyuzi moja hivi ya mlalo. Yaani kimo changu kilihesabiwa mara mbili: kwanza kwenye mlalo, halafu kwenye urefu. Na ile nusu inchi huongeza pia uzito wa kichwa unaousikia mkononi, kwa alama kama tatu kwenye mizani ya mafundi, kutoka D1 hadi D4. Mchi wangu wa kinu huo. Mimi ni mtu wa hesabu. Ankara iliyohesabiwa mara mbili naijua harufu yake, na hapa ilinipita kwa sababu nilikuwa nimezubaishwa na yadi 132.

Angepaswa kunipigisha fimbo ndefu kabla ya kuagiza fimbo ndefu. Hakuna la kuongeza hapo.

Tukaamua urefu ubaki, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umeshaupenda, na mlalo urudishwe kawaida kwa zote. Vichwa vyangu ni vya chuma laini cha kufua, vinakubali kupindwa. Vile vya kumimina vya chuma kigumu ni vibishi zaidi na fundi hukuangalia kwa jicho baya ukimletea. Aliingiza shingo ya fimbo kwenye mdomo wa nondo ya shaba, akaweka mguu mmoja mbele, akashusha uzito wake wote taratibu. Hakuna sauti. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kitu kikivunjika. Akasoma: mbili. Akashusha tena: moja kasoro robo. Mara ya tatu alibonyeza kidogo sana, kama anayejaribu embe kama limeiva, na mshale ukakaa kwenye sifuri. Fimbo sita, dakika arobaini. Hakunitoza kitu. Nauli na siku ya kazi vilikuwa vyangu.

Safari hii alifungua mlango wa nyuma akanipeleka nje, kwenye kipande cha nyasi za kikuyu nyuma ya jengo, si zulia. Nafurahi alifanya hivyo bila kuombwa. Zulia la ndani lina unafiki wake: ukipiga nyuma ya mpira, soli inateleza mbele na mpira unatoka vizuri, skrini inakusifu. Kwenye nyasi ungeng'oa bonge la udongo na mpira ungesogea hatua ishirini. Kidonda changu cha kwanza kilikuwa sawa pande zote mbili. Nikakipiga picha nikamtumia mzee. Akajibu kwa kidole gumba.

Sasa, jambo nililoahidi kulifikia.

Jumamosi iliyofuata, Nyali, fimbo zimenyooka kwa vipimo vyote, chuma saba, shimo lile lile. Mpira ukaenda kulia. Wa pili ukaenda kulia zaidi. Mzee akagusa kofia.

Katika ule mwezi mmoja wa mateso nilikuwa nimejifunza, bila kujua, kuusukuma mpira kulia ili usiende kushoto. Nilikuwa nimesogeza mguu wa kulia nyuma nusu hatua, nimechelewesha viganja, nimelenga mbali na bendera. Fimbo zilitengenezwa kwa dakika arobaini. Mimi nilichukua wiki tatu. Mwalimu aliweka fimbo mbili chini kama reli, moja mbele ya vidole vya miguu, nyingine ikielekea bendera, na kila jioni baada ya kazi nikapiga mipira thelathini tu, chuma tisa, nusu nguvu. Hakuna siri nyingine. Wiki ya pili mpira ulianza kuanzia pale uso ulipotazama. Ningekuwa nimetii ushauri wa "cheza raundi kumi uzizoee", ningekuwa nimejenga swingi nzima ya kutibu ugonjwa wa chuma.

Upande wa mruko, mpini hatukubadilisha. Aina ya mpira ndiyo niliyobadilisha, nikachukua wenye mzunguko mdogo kidogo, na kusi ikivuma natumia chuma sita kwa mkono mpole mahali ambapo skrini ilinifundisha saba. Nilikwenda kujaribu kwenye ule uwanja wa jabalini, ambako upepo hauna pa kujificha. Mpira ulikaa chini ya upepo mara nyingi kuliko usivyokaa. Inanitosha.

Kilichobaki ni pengo la chini. Weji mpya ina lofti ya nyuzi 44, na inayofuata kwenye begi langu, ya zamani, ni 52. Katikati pana yadi karibu ishirini ambazo sina fimbo yake. Vyuma vya siku hizi vimekazwa lofti ili saba ionekane inafika mbali, na gharama yake unailipa huku chini. Nilikuwa nimebakiza nafasi mbili kwenye zile fimbo 14 za kisheria, kwa hiyo nafasi ilikuwapo, lakini fundi mzuri angelitaja hilo siku ya kwanza, wakati mkoba wangu ulikuwa wazi. Hakulitaja. Nimenunua ya nyuzi 48 hapa hapa Mombasa, ya mkono wa pili, nikaibeba mwenyewe kwa mtu mwenye jiriwa kabla ya kutoa pesa. Ilikuwa 47 na nusu. Nikapunguziwa mia tano.

Je, ningerudi kwa yule kijana? Ningerudi. Anajua kusikiliza mpira, anabadilisha kitu kimoja kwa wakati, na alipokosea alisema amekosea. Nyota moja na nusu zilizokosekana ni za simu ile ya kwanza, za fimbo kutobanwa kwenye jiriwa kabla ya kukabidhiwa, na za kutoniuliza nachezea mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Ukienda, sema unacheza wapi kabla hujapiga hata mpira mmoja. Piga fimbo ya urefu ule ule utakaouagiza. Siku ya kuzichukua, omba kila fimbo isomwe mbele yako na namba ziandikwe kwa kalamu kando ya zile zilizochapwa. Na uulize kabla ya kulipa kama ziara ya pili imo ndani ya bei. Yangu ilikuwamo kwa huruma tu, haikuwa kwenye risiti.

Chuma tano bado sijaelewana nacho. Kimenyooka, kimepimwa, kinasoma sifuri kwenye mashine, na mimi kila nikikitoa naona mzee anaanza kutazama upande mwingine. Jumamosi iliyopita, yadi 150 mbele ya maji, alinipa mbao ya saba (fimbo ya mapigo marefu) kabla sijasema kitu, tano akairudisha kwenye begi na kulifunga zipu.